Mtu Anayekula Amesimama

Mkamwana alikuwa mmbea, na hakuna sababu ya kumfichia. Ila umbea wake ulikuwa wa macho tu, maana mdomo wake katika mji ule wa ugenini ulikuwa umekosa kazi. Lugha ya wenyeji aliijua ya kununulia mkate na kuombea radhi, basi. Wiki za mwanzo alimsalimia jirani wa mlango wa pili asubuhi na jioni, na jirani akawa anamtazama kana kwamba ameombwa mkopo. Siku moja akajipa moyo, akaoka mikate midogo, akaipanga kwenye sahani na kwenda kupiga hodi. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha pua, ukafungwa. Mikate ile waliila wenyewe siku mbili, yeye na mumewe, na mumewe akamwambia, "Huku watu hawapigiani hodi, mama. Kila mtu na lake."

Mkamwana halikuwa jina lake. Ndivyo alivyoitwa na mama mkwe wake aliyebaki nyumbani, mbali huko. Kazini jina lake la kuzaliwa liliwashinda, wakawa wanamwita kwa kupiga vidole. Mumewe alimwita mama, ingawa hawakuwa wamejaliwa mtoto. Sisi tutalichukua lile la mama mkwe, kwa sababu bibi yule alilitamka kila siku, na alilitamka lote, bila haraka.

Bibi mwenyewe, kabla hajateleza bafuni na kuvunjika nyonga, alikuwa mtu asiyekaa nyumbani. Kwenye msiba yupo, kwenye harusi yupo, kwenye ugomvi wa mtu na mkewe yupo, tena mstari wa mbele. Sasa alikuwa mtu wa kitanda. Binti yake aliyeishi naye alishinda dukani, na yeye akabaki kutazama dari. Kilichomwokoa ni simu. Alifundishwa kubonyeza mahali pamoja tu, pa kurekodi sauti, na kila mchana Mkamwana alipofungua simu yake alikuta maneno yaleyale: "Haya, nitembeze."

Na Mkamwana akamtembeza.

Alikuwa mpiga pasi katika karakana ya kushona sare, ghorofa ya nne. Nguo zilitoka kwa washonaji zimekunjamana, yeye akazinyoosha kwa pasi ya mvuke, shati, suruali, shati, suruali, mpaka nyayo zinawaka moto. Bahati yake ni kwamba meza yake ilikuwa kwenye dirisha la nyuma. Mvuke ulifunika kioo chote, naye akawa anapangusa kwa kiwiko tundu la ukubwa wa sahani. Kupitia tundu lile aliona uchochoro, kibustani chenye mti mmoja na benchi moja, na nyumba za upande wa pili. Watu wa huko hakumjua hata mmoja, lakini nani kanunua viatu vipya alijua. Saa ya mapumziko ilipofika aliketi ngazini, mkate mkono huu, simu mkono huu.

"Haya mama, shika mkono wangu, tunateremka. Muuza mikate amemwaga ndoo ya maji kwenye ngazi zake, na kama kawaida kwanza kaangalia kulia, kaangalia kushoto, utadhani anaiba. Mtu anaibaje maji yake mwenyewe? Yule mama wa roshani ya kijani katoa mto wake, anauchapa, anauchapa, mpaka nikauonea huruma. Nadhani ule mto una jina la mtu. Wale ndugu wawili wenye mbwa mmoja wamegombana tena nani ashike kamba, mbwa kakaa chini anawasubiri wamalize. Kinyozi hana mteja. Amejinyoa mwenyewe mara ya pili wiki hii, akiendelea hivi atafika kwenye ubongo. Na Bwana Kofia naye keshafika ofisini kwake."

Huyo Bwana Kofia alikuwa ameanza kuonekana mwanzoni mwa baridi. Ukiwa juu humwoni mtu, unaona kofia: likofia la sufu lenye masikio mawili yanayoning'inia, na chini yake koti jeusi ambalo bila shaka lilishonewa mtu mwingine, mnene zaidi. Alifika asubuhi, akakaa kwenye benchi, begi mapajani, akashinda hapo. Hakusoma gazeti, hakurushia ndege makombo, hakumngoja mtu. Mara mojamoja aliinua kichwa akalitazama jengo la karakana, kisha akakiinamisha.

"Anahesabu madirisha," Mkamwana alimwambia mama mkwe. "Nadhani serikali imemtuma aangalie kama yametimia."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwache mwenzako! Huenda ana mchumba humo ndani."

"Mchumba gani, mama? Na kofia ile?"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwenye simu yake.

Jioni kicheko kiliishia mlangoni. Chumba chao kilikuwa kimoja, kitanda, meza, jiko la umeme la sahani mbili, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Mumewe alirudi kila siku baada yake, amevaa jaketi la njano la ghala alikokuwa akipakia mizigo, begi begani.

"Pole na kazi," Mkamwana alimwambia.

"Nishapoa."

Akanawa, akala, akasimulia mambo ya ghalani: msimamizi kamkaripia dereva, sanduku la vioo limedondoka, fulani kachelewa tena. Lilikuwa jambo dogo, lakini Mkamwana aliliona, kwani kazi yake ni kuona: lile sanduku la vioo lilikuwa limedondoka mwezi uliopita pia. Mtu akichoka hurudia maneno.

Jioni ile mume alimaliza kula, akakaa akizungusha bilauri mezani.

"Nimefikiria kitu," alisema. "Baridi hii itakuumiza. Mwisho wa mwezi urudi nyumbani, ukakae na mama. Anahitaji mtu wa karibu."

"Wifi yupo."

"Wifi yako anashinda dukani."

"Na wewe?"

"Mimi mwanamume, nitajikimu."

"Nani atakupikia?"

"Kwani kabla hujaja nilikuwa nakula mawe?"

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa kwenye mzaha. Mkamwana alikusanya sahani. Alizisuuza, zikatakata, akazisuuza tena. Halafu akauliza bila kugeuka:

"Kuna mwanamke?"

"Mwanamke wapi, mama? Wa nini?" Akacheka kicheko kikavu. "Nani wa kunitaka mimi?"

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo. Usiku alilala ameutazama ukuta na roho inamuuma. Alikuwa ameacha kila mtu aliyekuwa naye kumfuata mume huyu, na sasa mume anamrudisha kama nguo isiyomwenea. Tena hapakuwa na wa kumwambia. Mtu pekee aliyekuwa akiongea naye kwa siku ni mama wa huyohuyo mume, na unaanzaje kumshitaki mtoto kwa mama aliyelala kitandani?

*

Kesho yake mchana alimtembeza bibi harakaharaka. Maji yamemwagwa, mto umechapwa, mbwa kasubiri.

Ujumbe wa bibi ukarudi papo hapo. "Leo unanitembeza kama anayefukuzwa na mvua. Kuna nini?"

"Hamna kitu, mama. Uchovu tu."

"Uchovu una sauti yake, na hii siyo. Haya, sikulazimishi. Nipeleke kwa Bwana Kofia nicheke kidogo, mgongo umeniuma tangu asubuhi."

Mkamwana akajikaza. Alimtafutia bibi kitu kipya cha kumchekesha, akakumbuka.

"Sijakwambia anavyokula. Hapo ndipo penyewe. Benchi analo, mama, tena peke yake, lakini saa ya kula ikifika anasimama. Anauendea mti, anaupa uso, ulimwengu anaupa mgongo. Mkono mmoja unakula mkate, mkono wa pili umeukinga, hivi, utadhani mti utamnyang'anya. Akimaliza anajipangusa mikono nyuma ya shingo, chini ya yale masikio ya kofia, ndipo anarudi kukaa. Nimecheka peke yangu mpaka msimamizi kanipigia vidole."

Akatuma, akaumega mkate wake, akangoja kicheko. Hakikuja. Badala yake simu ikaita. Mama mkwe hakuwa na kawaida ya kupiga. Kupiga hakukujua, ilibidi awe amebonyezabonyeza kila kitu mpaka ikatokea.

"Mkamwana. Mikono anajipangusia wapi?"

"Shingoni, mama. Nyuma."

"Na anaukinga mkate."

"Ndiyo."

"Mrefu?"

"Nikiwa juu mama sijui. Kuna nini?"

Nyuma ya bibi jogoo aliwika, mchana wote ule.

"Mwaka ambao mkwe wako marehemu alimwaga unga," alisema polepole, "mwanangu alikuwa darasa la tatu. Kazi hakuna, nyumbani hakuna. Nikawa namfungia viporo kwenye jani la daftari, chochote kilichobaki. Wenzake wakaona, wakamcheka. Siku hiyo alirudi hakusema neno. Mwalimu ndiye aliyekuja kuniambia, mama, mtoto wako anakula amesimama, ameupa ukuta uso, anakinga chakula kwa mkono. Na mikono alijipangusia nyuma ya shingo, ili mimi nisione shati limechafuka. Aliendelea vile mpaka baba yake alipopata kazi tena. Kazi ilipopatikana akaacha, siku hiyohiyo. Mimi sijamwambia mtu jambo hili."

Mkamwana alicheka kidogo, kwa woga. "Watu ni wengi duniani, mama. Mwanao yuko ghalani. Jana kanisimulia mambo ya ghalani."

"Mungu ajalie niwe nimekosea."

"Umekosea, mama."

"Haya." Kisha sauti ikashuka. "Lakini kama sijakosea, mwanangu, nakuomba. Usimvunje. Na asijue kuwa mimi najua. Wewe ni mkewe, atakuvumilia. Mimi nikijua, hatainua uso tena."

Mkamwana alipanda ngazi mbilimbili. Alilipangusa dirisha lote kwa kiganja. Benchi lilikuwa tupu, Bwana Kofia ameshaondoka. Mchana wote uliobaki alichoma mashati mawili, na kila aliponyanyua pasi alijisikia akicheka, sauti yake mwenyewe, kicheko cha siku zote zile, juu ya kofia ile.

*

Jioni alisikia ufunguo mlangoni. Jaketi la njano likaingia, begi likawekwa chini ya meza. Yeye alikuwa jikoni, kama pembe ile ya chumba ilistahili kuitwa jiko.

"Pole," akasema.

Mume akasimama kidogo, anangoja lile neno jingine. Halikuja. Lingekujaje? Tangu mwanzo wa baridi alikuwa anamwambia pole na kazi mtu ambaye labda hana kazi, jioni baada ya jioni, naye anaipokea.

"Nishapoa," mume akasema, akachukua taulo na kwenda kuoga, bafu la wapangaji wote lililokuwa mwisho wa ukumbi.

Mkamwana akalitazama begi. Lilikuwa limevimba, kama lilivyovimba siku zote, na siku zote aliambiwa ni nguo za kubadilisha. Hakulifungua. Alichuchumaa, akalipapasa kwa nje, juu ya turubai, kama mama anayepapasa tumbo la mtoto mgonjwa. Kitu kinene, kizito, hilo ni koti. Kisha vidole vikafika kwenye kitu laini cha sufu, na kutoka kwenye kile kitu laini likatokeza sikio moja, na upande wa pili sikio la pili.

Alibaki amechuchumaa mpaka alipozisikia ndara za mumewe ukumbini. Akainuka, akapakua maharage.

"Leo ghalani palikuwa na kioja," mume alianza, mkate mkononi, amekaa mbele yake raha mustarehe, kwa sababu nyumbani alikula akiwa amekaa, hilo ndilo lililokuwa likimuuma Mkamwana sasa kuliko uongo wenyewe. "Yule dereva, si nilikusimulia? Leo karudi nyuma na gari, kidogo amgonge msimamizi. Tulicheka!"

"Mlicheka?"

"Tulicheka sana."

Hasira ikampanda. Mwongo mkubwa we, alitaka kusema, mimi kila siku nasimama mpaka miguu inavimba, wewe unaniletea hadithi za dereva. Kisha akaona jinsi mumewe alivyokuwa akimwangalia, ameduwaa na tabasamu usoni, anasubiri acheke. Akakumbuka maneno ya bibi. Akacheka. Kilikuwa kicheko kigumu kuliko chochote alichowahi kucheka.

Usiku mume alirudia habari ya safari. "Nimeulizia tiketi. Mwisho wa mwezi, kama tulivyosema."

"Ulivyosema," Mkamwana alimsahihisha, akazima taa.

*

Siku iliyofuata ilinyesha mvua nyembamba ya baridi, ile isiyolowesha mara moja bali inayopenya polepole mpaka mifupani. Mkamwana alikuwa dirishani tangu asubuhi. Kinyozi alifungua, mama wa roshani hakutoa mto. Kofia ilitokea kwenye kona ya uchochoro, ikaja, ikakaa kwenye benchi lililolowa. Sasa kwa kuwa alijua, alishangaa alivyokuwa kipofu. Mwendo ni ule. Bega la kushoto limeinama vile lilivyoinama toka siku ya posa. Huyu alikuwa amelala naye kitanda kimoja, na akakaa siku zote hizo akimwona kama sinema.

Kabla ya mapumziko mvua ilizidi, na mtu chini alisimama akaenda kwenye mti. Mkamwana akaiweka pasi wima.

Msimamizi akapiga vidole. Mkamwana akachukua mkate wake, akavaa kitambaa kichwani. Msimamizi akapiga vidole tena, akaongeza na maneno. Mkamwana akajibu kwa lile neno alilolijua, la kuomba radhi, akalisema mara tatu kwa heshima zote huku akitembea, na kabla watu wa karakana hawajajua kama waseme au wamshike alikuwa ngazini.

Njiani alipanga maneno. Alikuwa nayo mengi, na mengine ya kukata. Lakini alipomfikia mumewe kwa nyuma, aliona kwanza koti. Lilikuwa limefumuka chini ya kwapa na kushonwa kwa uzi wa njano, mshono wa mwanamume, sindano imekwenda ilikotaka. Ana mke anayeshinda katikati ya nguo, halafu amejishonea mwenyewe, kwa kujificha. Kwenye shina la mti palikuwa na msumari, begi limetundikwa hapo. Msumari aliupigilia mwenyewe. Maneno yote ya ngazini yakampotea.

Akasogea, akasimama kando yake, bega kwa bega, akaupa mti uso na yeye. Akatoa mkate wake, akaumega, akatia mdomoni.

Mume hakugeuka. Taya lilisimama, mkate umo mdomoni. Mkono wa kukinga ukabaki hewani. Watu wawili wameutazama mti na mvua inawadondokea.

"Jana uliniambia pole tu," mume alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Nikajua. Halafu nikajiambia, hapana, hawezi kujua." Akameza. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Toka lini?"

"Kukuona, toka mwanzo wa baridi. Kukujua, jana." Kisha, kwa kuwa lilikuwa linamchoma, akalitoa: "Nilikuwa nakucheka. Sikujua ni wewe, nikakucheka."

"Ni kofia," mume akasema. "Hata mimi ningecheka."

Mkamwana aligeuka, akamwonyesha jengo. "Dirisha langu lile. La ghorofa ya nne, lenye tundu kwenye mvuke."

Mume aliinua uso, yale masikio yakaanguka nyuma. "Si ghorofa ya tatu? Pale penye pazia jeupe?"

"Walinihamisha juu. Nilikwambia. Ulikuwa unakula, ukaitikia 'vizuri.'"

"Pazia lile halijafunguka hata siku moja," mume alisema, kama anayejisemea. "Nikasema, hapa siwezi kuonekana. Nikasema, ila niko karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu na wewe. Walitupunguza, wageni kwanza. Kila alfajiri naanzia kuomba kazi, huku njoo kesho, kule acha namba. Ikifika saa tatu nimemaliza milango yote. Halafu niende wapi? Mji mzima huu, mama, niende kwa nani? Nikawa nakuja kukaa kwako."

Hapo Mkamwana alilia. Alilia na mkate mdomoni, vibaya, bila kujizuia, na mumewe hakujua afanye nini na mikono yake, akaipeleka nyuma ya shingo.

"Kiinua mgongo kinaisha," mume alisema. "Nilitaka uondoke kabla hakijaisha. Uondoke bado unajua nina kazi."

"Nikiondoka, nani atakuona?"

Mume alilitazama begi pale msumarini.

"Nikuulize wewe. Nikiondoka, utakaa hapa, utaupa mti mgongo, utaupa mti uso, utakuja utaondoka, nani katika mji huu atasema leo hakuja? Mimi siendi popote. Tiketi yako hiyo panda mwenyewe." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Sasa kaa ule."

"Watu wanapita."

"Watu gani? Si ulisema huku kila mtu na lake?"

Mume alitabasamu kidogo, lakini hakukaa. Alimaliza mkate wake amesimama, mkono umeukinga. Mkamwana hakumlazimisha. Juu, kwenye dirisha la ghorofa ya nne, kichwa cha msimamizi kilikuwa kimejaa kwenye tundu la mvuke.

"Jioni usije na lile jaketi," Mkamwana alisema, akakimbia.

Siku ile walimkata nusu ya ujira. Jioni kofia yenye masikio iliingia nyumbani kwa mara ya kwanza kwa miguu yake, ikatundikwa nyuma ya mlango, ikachuruzisha maji sakafuni mpaka asubuhi.

*

Kazi haikupatikana wiki ile, wala iliyofuata. Tusidanganyane. Walihamia chumba kidogo zaidi, dirisha hakuna, na Mkamwana akaanza kuchukua sare za kutia vifungo nyumbani, mumewe naye akijifunza, akijichoma sindano na kutukana. Mama mkwe aliendelea kutembezwa kila mchana. Aliuliza habari za mbwa, za mto, za kinyozi. Habari za Bwana Kofia hakuuliza hata mara moja, na Mkamwana hakuzitaja. Alikuwa amefungwa kotekote: mama asiambiwe kuwa hakukosea, mwana asijue kuwa mama anajua. Alilibeba peke yake kama kikombe kilichojaa.

Saa ya mapumziko alishuka sasa, wakakutana bustanini. Yeye alikaa kwenye benchi, mumewe akasimama kwenye mti, wakaongea hivyo, mgongo na uso.

Mpaka siku moja ya jua hafifu. Mkamwana aliketi, akafungua mkate, na mumewe akatoka kwenye mti, akaja akakaa. Alikaa ukingoni kabisa, kama mtu kwenye kiti cha wageni. Alikula taratibu. Mkono wa kukinga ulipanda mara moja, akaushusha mwenyewe. Wale ndugu wawili walipita na mbwa wao, mmoja akatikisa kichwa kidogo, labda ni salamu, labda ni kola iliyombana.

Simu ikalia. Mkamwana aliibonyeza kwa mazoea, kabla hajafikiri, na sauti ya bibi ikajaa benchini:

"Mkamwana. Nimejizuia nimeshindwa. Yule Bwana Kofia, leo amekula?"

Akaifunika simu kwa viganja viwili, lakini maneno yalikwishatoka.

"Bwana Kofia ndiye nani?" mume aliuliza.

Mkamwana alitazama chini. Kisha mkono wa mumewe ukapanda polepole kichwani, ukaligusa sikio moja la sufu, ukaligusa na la pili, na Mkamwana aliona jambo lile likimwingia, lote, kutoka juu mpaka chini: mti, ukuta wa shule, viporo kwenye jani la daftari. Mkamwana alidhani mumewe atainuka aondoke, na pengine ingekuwa zamani angeondoka.

Hakuinuka. Alikitazama kipande cha mkate kilichobaki mkononi, akakila, akatafuna mpaka mwisho. Mikono akaipangusa kwenye suruali, mbele, mchana kweupe.

"Mwambie amekula," alisema. "Mwambie leo amekula amekaa."

Mkamwana akabonyeza, akasema hivyo, akatuma. Jibu lilichelewa. Wakalingoja, mabega yanagusana. Lilipokuja, mwanzoni halikuwa na neno lolote ndani yake, pumzi tu na kamasi za mtu mzima anayejifuta, na mbali nyuma jogoo.

"Haya," bibi akasema. "Tuendelee na matembezi. Kinyozi je, bado ana kichwa?"